Nyumba Mbili na Bibi Mmoja

Mpwa wangu Mwantum alishuka kwenye basi stendi ya Kibiti akiwa na mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, na sura ya mtu aliyefukuzwa. Nimewaona wengi waliofukuzwa, nawatambua kwa mbali. Hawatazami mbele. Wanatazama chini, kana kwamba hata pale wanapokanyaga patadaiwa kodi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwenye nyumba wenu kafanyaje?"

"Ameuza. Mwisho wa mwezi tuwe tumetoka."

Nikafunga kibanda changu cha kutengeneza redio, nikawapeleka nyumbani, nikawatilia chai. Yasmin, yule mkubwa, ana miaka mitano. Alikula chapati mbili bila kusema neno. Mdogo bado ananyonya. Jina lake Abdulswamadu, jina refu kuliko mwenyewe, kwa hiyo tunamwita Swamadu.

Mwantum ni mshonaji katika kiwanda cha nguo huko Mbagala. Anashona mifuko ya suruali, mifuko tu, kutwa nzima. Mumewe Fikirini, mtu wa Umwe, ni seremala wa vitanda kando ya barabara. Tangu waoane walipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya uani, na uani humo aliishi mama mmoja mtu mzima, Bi Kudra, ndiye aliyekaa na watoto wakati mama yao yuko kiwandani. Walimpa unga, sabuni, na chochote kilichopatikana. Sasa nyumba imeuzwa, Bi Kudra naye kaenda zake kwa mwanawe Lindi. Siku moja wamepoteza pa kulala na wa kulea.

Na kiwanda je? Kiwanda kina chumba chenye feni kwa ajili ya marobota ya kitambaa, yasipate ukungu. Chumba cha mtoto wa mshonaji hakuna. Mwantum aliwahi kuuliza, akaambiwa kwamba mtoto ni jambo la nyumbani. Sawa. Na suruali wanazovaa wakubwa hao zinashonwa na nani, na huyo mshonaji alilelewa na nani mpaka akaweza kukaa kwenye mashine? Haya mambo nimeyasema kwenye mikutano tangu nina nywele nyeusi. Wananipigia makofi, kisha wanakwenda kula.

"Hela ya kununua tunayo, mjomba," Mwantum akasema. "Fikirini kauza fungu lake la mikorosho ya urithi. Na kikundi chetu cha akina mama kimenikopesha. Tumeona nyumba mbili."

"Mbili! Matajiri nyie."

"Mjomba, usinichekeshe, nitalia."

Akanieleza. Nyumba ya kwanza iko Mbagala humohumo, kwa miguu tu umefika kiwandani. Vyumba viwili, ukuta umeshikana na ukuta wa jirani, hata pa kuanikia nepi ni pa kuvizia. Wakiinunua hiyo, hela yote imekwisha, na kila mwezi kinachobaki baada ya kula kinarudi kwenye kikundi. Mlezi wa kulipwa hawamwezi. Nyumba ya pili iko Kisemvule, njia ya kuja huku kwetu. Ina vyumba vitatu, kisima, na uwanja wa kupanda mihogo, na bei yake nusu. Wakiinunua hiyo, hela ya kumlipa mlezi inapatikana. Lakini Mwantum atatoka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi watoto wamelala. Atawajua watoto wake kwa migongo.

"Ya karibu, mie nipo, hela ya malezi haipo," alisema. "Ya mbali, hela ipo, mie sipo. Nimepiga hesabu hizi mpaka kwenye kitambaa cha kiwanda, msimamizi akanikuta."

"Na msichana wa kazi?"

"Mjomba, wewe ndiye uliyetufundisha. Mtu mzima anataka mshahara wa haki, na ni haki yake. Anayekubali mshahara ninaoweza mie ni mtoto wa kijijini Dimani ambaye naye anatakiwa awe shule. Sitaki."

Maneno yangu mwenyewe yamenirudia, na hayasaidii kitu.

Dalali wao, Bashiru, ndiye anayeuza nyumba zote mbili. Alitaka jibu kesho yake alasiri. Wateja wengine wapo, alisema, na kwa mara ya kwanza dalali alikuwa anasema kweli, maana Fikirini aliwaona kwa macho yake.

"Imebaki kwa mama," Mwantum akasema. "Mama akija kukaa na watoto, tunanunua ya karibu na tunaishi. Twende wote. Bila wewe siwezi kumwambia."

Kweli hawezi. Katika ukoo wetu mtoto wa kike hamwombi mama yake jambo zito ana kwa ana. Mjomba hukaa katikati, akalipokea neno huku na kulifikisha kule, hata kama mama na mwana wamekaa mkeka mmoja na wanasikiana vizuri. Vijana wa Dar wakiona wanacheka. Wacheke. Neno likipita kwa mtu wa tatu linapoa kidogo kabla halijaunguza.

Asubuhi tukateremka Nyamisati, tukapanda boti ya mashine, tukaingia deltani. Mikoko huku na huku, maji ya rangi ya chai, na Yasmin anauliza barabara imekwenda wapi. Nahodha akatuonya: maji yakianza kupwa mchana yeye anaondoka, asiyekuwepo atalala na mbu.

Dada yangu Siti hatukumkuta kijijini Salale. Ni wakati wa mpunga kuchanua na kushika punje, na wakati huo nyumba za kijiji zinabaki na paka. Wote wako mashambani, juu ya madungu, wanaamia ndege. Dungu ni kibanda kilichosimama juu ya miti mirefu katikati ya mpunga. Unapanda kwa ngazi, unalala huko, unapika huko, na mkononi unashika kamba zilizofungwa makopo ambazo zimesambaa shamba zima. Ukivuta, makopo yanalia, ndege wanaruka. Ukisinzia, umelima kwa ajili ya ndege.

Shamba la Siti tumeachiwa na mama yetu. Mama alizaliwa bondeni, upande wa Umwe. Baada ya yale mafuriko ya zamani ikaja operesheni ya serikali ya kuhamisha watu, na mimi nilikuwepo, mtoto wa miaka minane, nakumbuka lori. Walitupakia na kinu na kuku, wakatushusha mlimani kwenye mchanga, wakasema hapa ndipo kwenu. Mama akautazama ule mchanga. Akautemea mate. Mwaka uliofuata akachukua watoto wake akaingia deltani, mahali ambapo lori halifiki, akafyeka mikoko kwa shoka, akapanda mpunga. Ndiyo shamba hilo.

Tukapanda ngazi. Mimi nilipanda mwisho na polepole, kwa sababu ya mguu. Sukari imeshaniondolea vidole viwili na daktari kaniambia matope nisiyaguse tena.

Salamu zikaisha, wajukuu wakabusiwa, Swamadu akapewa kipande cha mhogo akakisugua kwenye fizi. Siti akakaa, kamba mkononi, kanga kaifunga kichwani kama mtu anayekwenda vitani.

"Kaka, mwambie mpwa wako anywe maji."

Nikageuka. "Mama yako anasema unywe maji."

"Mwambie ahsante, nimekunywa kwenye boti."

"Kasema ahsante, kanywa."

"Hooo! Hooo! Mbwa nyie!" Siti alivuta kamba, makopo yakalia, kundi la kweleakwelea likainuka kama moshi likatua shamba la jirani. "Nenda kwa Mashaka, yeye kalala. Haya, kaka, nasikia."

Nikaleta neno. Nikaeleza nyumba ilivyouzwa, Bi Kudra alivyoondoka, nyumba ya karibu na nyumba ya mbali, na dalali. Siti alikuwa anasikiliza na jicho lake liko kwenye mpunga. Nilipofika mwisho nikasema, "Anaomba uje mjini ukae na watoto."

"Mpaka lini?"

Nikamtazama Mwantum. Akasema, "Mpaka Swamadu aanze shule."

"Anasema mpaka Swamadu aanze shule."

Siti akacheka kicheko kifupi. "Mwambie asimame atazame kule mwisho, penye maji. Anaona nini?"

Mwantum alisimama. Sote tuliviona. Katikati ya mpunga vilikuwa vimesimama vichipukizi vya mkoko, vimenyooka, kijani, kama vidole.

"Kila msimu nikishavuna naingia humo mpaka mapajani, naving'oa kimoja kimoja. Nikiacha msimu mmoja, vinafika gotini. Miwili, kifuani. Wa tatu, watu wa misitu wakipita na boti yao wanaona msitu, na msitu haukatwi. Nikishika panga nimekuwa mhalifu kwenye shamba la mama yangu. Mwambie hivyo. Shamba hili mtu haliachi akalirudia. Ukiliacha limekwenda."

Sikuwa na haja ya kufikisha. Nikafikisha. Ndivyo inavyotakiwa.

"Lakini mtoto mkubwa naweza kumchukua," Siti akaendelea, sauti ikalegea. "Mjukuu wa kwanza ni wa bibi, tangu zamani. Aniachie Yasmin. Yeye abaki na huyu mchanga, atamfunga mgongoni. Tazama mwenyewe, kaka, mtoto keshajua kazi."

Yasmin alikuwa amepewa kamba moja. Alivuta, makopo yakalia, ndege wakaruka, naye akacheka. Mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu wafike Kibiti. "Hooo!" akapiga kelele. "Mbwa nyie!"

Mwantum akainuka akamnyang'anya kamba.

"Mwambie sitaki."

"Mama yake Yasmin anasema..."

"Nimesikia," Siti akasema. "Muulize kwa nini. Mjini kuna nini? Atamfungia ndani na kufuli?"

Hapo mila ikavunjika. Mwantum akanipita kama mlango ulio wazi.

"Mama, mie nimekaa juu ya dungu hili. Kila mpunga ukiiva, shule naacha. Mwalimu akiita majina huko, mie niko huku naita ndege. Nimemaliza la saba nasoma kwa kufuata kidole. Unajua kwa nini nashona mifuko? Wanaoshona suruali nzima wanasoma vipimo. Januari huyu anaanza la kwanza. Haanzi hapa."

Siti alivuta kamba ingawa ndege hawakuwepo.

"Baba yako alikufa maji una miaka mitatu," akasema. "Nilikuwa na wewe peke yako. Ndege ni wengi. Ningefanya nini?"

"Sikulaumu."

"Unanilaumu."

"Ndiyo, nakulaumu! Na kesho huyu atanilaumu mie, na mie nitasema hivyohivyo, ningefanya nini!"

Swamadu akaanza kulia. Nikamchukua. Wanawake wawili, wote wamefanya kazi tangu wanatambaa, wamekaa juu ya miti wanagombana nani kamwibia nani, na waliowaibia wote wawili hawapo hapo. Nchi nzima imewekwa juu ya migongo ya mabibi. Ondoa mabibi kesho asubuhi, uone kama kuna kiwanda kitakachowasha mashine. Lakini nani kawahi kuwaandika hao kwenye bajeti yoyote?

"Kaa Kibiti," nikamwambia Mwantum. "Kwangu chumba kipo, shule ipo, mama yako atakuja na kwenda."

"Nishone nini Kibiti, mjomba? Mifuko ya upepo? Na deni la kikundi nilipe kwa redio zako mbovu?"

"Basi nitakaa mimi hapa," nikasema. "Siti aende, mimi nitaamia ndege."

Siti akanitazama juu mpaka chini, kisha akacheka hasa, akashika ubavu. "Wewe? Utawahutubia?"

"Nitawahutubia. Watu wamenichoka, ndege hawajanisikia bado."

"Watakula huku wanakupigia makofi!"

Hata Mwantum alicheka, machozi yakiwa bado usoni. Tulicheka sote watatu kama wendawazimu. Halafu Siti akaacha.

"Kukaa utakaa, kaka. Kwenye matope je? Nani atang'oa mkoko?"

Nikautazama mguu wangu.

Simu ya Mwantum ikalia. Juu ya dungu mtandao unafika, chini haufiki. Alikuwa Fikirini, na sauti yake tuliisikia sote, maana alikuwa anapiga kelele katikati ya magari.

"Niko na Bashiru hapa. Yule mteja mwingine kaja na mkewe, wanapima madirisha ya ile ya karibu. Mama Yasmin, mama anakuja au haji?"

"Subiri."

"Haisubiriki! Niseme ipi? Kama haji nichukue ya mbali, mlezi tutamtafuta."

"Mlezi gani? Tumemtafuta wiki tatu!"

"Basi nichukue ya karibu na watoto tuwafungie? Nipe neno, mke wangu, nakuomba. Wamefika chumbani."

Mwantum alishusha simu kifuani. Hakutuangalia. Mdomo wake ulikuwa unacheza bila sauti, anapiga tena zile hesabu, na mimi niliona kabisa kwamba hazikutoka, kwamba hazikuwa zimetoka hata siku moja.

Siti akauliza, yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu: "Ile ya karibu, ukitoka kazini unafika nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu, mama."

"Jua bado lipo."

"Lipo."

"Na ya mbali?"

"Saa tatu. Mvua ikinyesha, saa nne."

Siti akaifungua kanga kichwani, akaikung'uta, akaifunga upya kiunoni. "Mwambie mumeo achukue ya karibu. Nakuja."

"Siti," nikasema, "ile haina hata pa kupanda bamia. Kama unakwenda, basi ya mbali. Ina uwanja, ina mihogo, na hela ya mlezi wataiokoa. Utalima."

"Nilime huku watoto hawamjui mama yao sura? Nimeshaweka shamba mbele ya mtoto mara moja." Akamgeukia binti yake. "Sema naye. Asije akapoteza nyumba."

Mwantum akasema kwenye simu, "Ya karibu. Mama anakuja." Tukamsikia Fikirini akipiga kelele, "Bashiru! Bashiru, nachukua mimi!" na simu ikakatika.

Hakushangilia. Akamtazama mama yake kwa mashaka, kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi. "Na shamba?"

"Mjomba wako ataamia mpaka mavuno. Mkoko, Mashaka atang'oa. Nitampa gunia mbili."

"Kweli, mama?"

"Mimi na Mashaka tumekua pamoja. Teremsha watoto, maji yanapwa."

Mwantum akateremka na Swamadu, Yasmin nyuma yake. Siti akabaki anakusanya vitu vyake: kanga mbili, msala, kikopo cha dawa ya kifua. Ilichukua muda mfupi tu. Akanionyesha unga ulipo, chumvi ilipo, kamba ipi inakwama. Kisha akasogea karibu.

"Mashaka usimwambie kitu."

"Vipi?"

"Mkoko usiguswe. Mpunga ukishavunwa, funga ngazi, rudi kwako Kibiti. Uache uote."

"Siti, hili ni shamba la mama!"

"Najua ni la nani, sikuzaliwa jana." Alikuwa anaongea polepole, kwa kunong'ona, na mkono wake ulikuwa umenishika kwenye kifundo cha mkono kwa nguvu za mtu wa jembe. "Shamba likiwepo, mie nitakuwa kule nasubiri msimu. Nitakaa kwenye kile chumba nasikiliza mvua na kujiuliza kama maji yameingia. Mtoto huona. Wewe humjui Mwantum. Akiniona nasubiri, atanirudisha kwa mikono yake mwenyewe, aache kazi, nyumba iende. Lisipokuwepo sina pa kurudi. Nitakaa."

"Utakufa kule."

"Watu wanafia kila mahali. Hili usilipeleke kwake. Hili ni langu na lako."

Tangu nimekuwa mjomba wa mtu sijawahi kushika neno nikalizuia. Kazi yangu ni kufikisha. Siti alijua hilo, na alinitwisha makusudi. Akateremka ngazi akitazama mbele kama msichana, akapita kwenye tuta, mpunga ukimfika kifuani, wala hakuugusa kwa mkono.

Walipofika kwenye kijito, Mwantum akawaacha wenzake, akarudi mbio mpaka chini ya dungu, akapanda ngazi nusu. Kichwa chake kikatokeza kwenye sakafu, anahema.

"Mjomba. Mama kasemaje pale mwisho? Nimeona anakushika mkono."

Nahodha alikuwa anapiga honi huko.

"Kasema mpunga uvunwe mapema," nikamwambia.

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Nenda, utaachwa."

Alinitazama. Mwanangu yule ana macho ya bibi yake, yale yaliyoutazama mchanga wa mlimani. Lakini boti ilikuwa inaondoka, kesho ana zamu, nyumba imeshanunuliwa. Akateremka.

Niliisikia mashine ya boti ikiwaka, ikakohoa, ikaingia mikokoni mpaka ikapotea. Ndege walikuwa wanasubiri. Wakaja wote kwa pamoja, wa kwetu na wale wa Mashaka, wakashuka juu ya mpunga kama shuka iliyotupwa. Nikavuta kamba zote kwa mikono miwili. Nikapiga kelele mpaka koo likakauka, na matusi niliyotukana mchana ule, wallahi, hayakuwa ya ndege.